Herufi Nono na Soko la Matangazo: Uchunguzi wa Kihistoria kuhusu Aina ya Herufi Iliyozuka London Mwanzoni mwa Karne ya 19

Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka 300 tangu Johannes Gutenberg aanze kupiga chapa mjini Mainz, herufi za kusubu zilikusudiwa kufanya kazi moja kuu, nayo ni kusomwa kitabuni. Ukubwa wake ulitofautiana, kwa kuwa kichwa cha sura kilihitaji herufi kubwa kuliko maelezo ya pambizoni, lakini umbo la ile kubwa lilikuwa lile lile la ile ndogo, limekuzwa tu. Mwanzoni mwa Karne ya 19, mjini London, utaratibu huo ulivunjika. Ilizuka herufi nzito mno, yenye mistari ya wima minene kiasi cha kukaribia kuziba uwazi wa ndani, huku mistari mingine ya herufi hiyo hiyo ikiwa myembamba kama unywele. Hakuna aliyetarajia kwamba mtu angeisoma kwa ukurasa mzima. Ilitengenezwa ili ionwe kwa mbali, na mpita njia, kwa nukta chache. Waingereza huiita fat face. Katika makala hii itaitwa herufi nono.

Makala hii inachunguza chimbuko la herufi hiyo, na hasa swali la nani anayestahili kuhesabiwa kuwa mbunifu wake. Vitabu vingi vya mwongozo hujibu swali hilo kwa jina moja na mwaka mmoja: Robert Thorne, 1803. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba jibu hilo linabeba zaidi ya uzito wake. Herufi nono ilitokana na kukutana kwa mambo kadhaa: ladha ya mistari minene na myembamba iliyorithiwa kutoka Karne ya 18, ufundi mpya wa kusubu herufi kubwa, na soko la matangazo lililokuwa na pesa. Majina yaliyobandikwa juu yake, kuanzia Thorne hadi Bodoni, yanaeleza zaidi habari za wauzaji na wakosoaji kuliko habari za mikono iliyoichonga.

Umbo na istilahi

Msomaji wa Kiswahili anahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo mazoea huyachanganya. Katika tasnifu na ripoti zetu tumezoea kuandika kwamba maneno fulani "yamekozwa wino". Herufi iliyokozwa ni ndugu wa herufi ya kawaida. Mistari yake yote, minene na myembamba, imeongezwa unene kwa pamoja, na kazi yake ni kusisitiza neno ndani ya sentensi. Herufi nono haifuati kanuni hiyo. Mstari mnene umeongezwa unene hadi kufikia theluthi ya kimo cha herufi kubwa au zaidi, ilhali katika herufi za kitabuni mstari huo huwa takriban sehemu moja kwa sita au kwa saba ya kimo. Mstari mwembamba haukuongezwa kitu. Umeachwa vile vile, na wakati mwingine umepunguzwa. Kwa hiyo nguvu ya herufi hiyo haitokani na weusi peke yake, bali na jinsi weusi na wembamba unavyokabiliana ndani ya umbo moja.

Yafaa pia kukumbuka kwamba mchapaji wa mwaka 1810 hakuwa na herufi za kukoza katika maana ya leo. Alipotaka kusisitiza neno alitumia herufi za mlazo, herufi kubwa, au herufi za Kigothi. Herufi iliyokusudiwa kuwa mwenzi mzito wa herufi za maandishi ya kawaida, yaani Clarendon, ilisajiliwa mwaka 1845 tu. Kwa mpangilio wa tarehe, basi, herufi nono ilitangulia. Uzito ulianza kama sauti ya tangazo, na baadaye ndipo ukawa alama ya msisitizo.

Sehemu za herufi nono zinatambulika kwa urahisi. Serifu, yaani vile vijistari vinavyofunga ncha za herufi, ni nyembamba na zimenyooka, na katika sampuli nyingi zinakutana na shina bila kujipinda. Ncha za a, c, f na r huishia kwa tone jeusi la mviringo. Herufi o haina mwelekeo wa kuinama kama ile ya maandishi ya mkono ya zamani. Unene wake umesimama wima kushoto na kulia, na katikati umebaki mwanya mrefu kama ufa wa mlango. Herufi zinazomtesa mchongaji ni a, e na g ndogo, kwa kuwa zina matumbo mawili au zaidi ndani ya kimo kile kile, na mstari mnene ukishachukua nafasi yake hakuna mahali pa kuyaweka. Wachongaji wa London walilitatua tatizo hilo kwa ujasiri: walirefusha herufi kwa upana. Ndiyo maana neno fupi lililopangwa kwa herufi nono hujaza bango zima. Herufi za mlazo za aina hii ni za kuvutia zaidi, na baadhi ya herufi zake kubwa hupewa mikia inayojikunja, jambo ambalo wakosoaji waliliona kuwa ni utani na wauzaji waliliona kuwa ni mapambo.

Urithi wa Karne ya 18

Tofauti kati ya mstari mnene na mwembamba haikubuniwa London. Ilikuwa imekua taratibu kwa zaidi ya karne moja. Nchini Ufaransa, herufi zilizochongwa na Philippe Grandjean kwa ajili ya matbaa ya mfalme, na kutumiwa mwaka 1702, zilianza kuacha mwelekeo wa kalamu pana. Mjini Birmingham, John Baskerville, aliyewahi kuwa mwalimu wa mwandiko, alichapa kitabu chake cha kwanza mwaka 1757 kwa herufi zilizochongoka kuliko za wenzake. Alibadilisha karatasi na wino pia ili wembamba huo uonekane. Katika miaka ya 1780, Firmin Didot wa Paris na Giambattista Bodoni wa Parma walifika ukingoni. Mistari ya ulalo ikawa myembamba kadiri chuma kilivyoruhusu, na serifu zikabaki kama uzi.

Nyuma ya mabadiliko hayo kulikuwa na kalamu yenye ncha kali. Kalamu pana ya kale ilitoa unene kulingana na pembe ambayo mkono uliishika. Kalamu yenye ncha hutoa unene kulingana na nguvu ya kubonyeza. Walimu wa mwandiko wa Karne ya 18 waliwafundisha wanafunzi kukandamiza kalamu inaposhuka na kuilegeza inapopanda. Herufi za Didot na Bodoni ni tafsiri ya mkono huo katika chuma, na herufi nono ni tafsiri ile ile iliyopelekwa mahali ambapo hakuna kalamu ingeweza kufika.

Hata hivyo Bodoni mwenyewe hakuchonga herufi nono. Kitabu chake kikuu cha sampuli, kilichotolewa na mjane wake mwaka 1818, miaka mitano baada ya kifo chake, kina herufi kubwa na nzuri ajabu, lakini uzito wake ni wa kitabu cha kifahari na si wa bango. Jambo hili ni dogo kwa sasa. Litarudi baadaye kwa uzito zaidi.

Kiwanda cha Fann Street

Robert Thorne alizaliwa mwaka 1754 na kujifunza kazi chini ya Thomas Cottrell, mwenye kiwanda cha kusubu herufi. Mwaka 1794 alikinunua kiwanda hicho, na baadaye akakihamishia mtaa wa Fann Street, ambao ndio ulikipa jina la kudumu. Urithi alioupata kwa Cottrell ulikuwa na jambo moja la pekee. Edward Rowe Mores, aliyeandika mwaka 1778 kuhusu viwanda vya kusubu herufi vya Uingereza, alimtaja Cottrell kuwa mtengenezaji wa herufi za mabango zenye kimo cha mistari 12 ya pica, yaani takriban sentimita tano. Thorne, kwa hiyo, hakuingia katika biashara ya herufi kubwa kwa bahati. Alikulia ndani yake.

Waandishi wawili wa zama zake wanamtaja kuwa chanzo cha mtindo mpya. William Savage alifanya hivyo mwaka 1822, na Thomas Curson Hansard mwaka 1825 katika kitabu chake kiitwacho Typographia. Wote wawili walikuwa wachapaji wenye kuijua kazi, na ushahidi wao haupaswi kupuuzwa. Lakini ushahidi huo una mipaka miwili. Kwanza, uliandikwa Thorne akiwa amekwisha kufariki mwaka 1820, wakati ambapo herufi nono zilikuwa zimeenea katika viwanda vyote vikubwa vya London. Pili, unasema kwamba Thorne alihusika zaidi kuliko wengine katika kuzieneza, na kueneza si sawa na kubuni. Ule mwaka 1803 unaorudiwa mara kwa mara ni mwaka ambao Thorne alitoa kitabu cha sampuli, na pengine ndiyo sababu waandishi wa baadaye waliushika. Mabango yenye herufi nono kamili yanaonekana kwa wingi kuanzia muongo wa 1810. Mtafiti anayetaka kuwa mwangalifu atasema kwamba mtindo ulikomaa kati ya mwaka 1805 na 1815, na hatautaja mwaka mmoja.

Mfuatano wa matukio baada ya kifo cha Thorne unafafanua zaidi ugumu wa swali. Kiwanda kiliuzwa mwaka 1820, na mnunuzi alikuwa William Thorowgood, mtu ambaye hakuwa wa fani hiyo. Talbot Baines Reed, katika historia yake ya viwanda vya herufi vya Uingereza iliyochapishwa mwaka 1887, anaeleza kwamba fedha za kununulia zilitokana na ushindi katika bahati nasibu ya taifa. Thorowgood alitoa kitabu chake cha sampuli haraka, mwaka 1821. Kitabu hicho kina herufi nono nyingi, nzito na zilizokamilika. Mtu asiye wa kazi hiyo hawezi kuchonga wala kuchongesha shehena ya namna ile kwa muda mfupi hivyo. Kwa hiyo ni busara kuchukulia kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa kazi ya enzi za Thorne, iliyouzwa sasa chini ya jina la Thorowgood.

Kuna jambo jingine ambalo wanaomtegemea Reed hawalitaji mara kwa mara. Kiwanda cha Fann Street kilikuja kumilikiwa na baba yake, Sir Charles Reed, na Talbot mwenyewe alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Aliandika kwa uaminifu, na kitabu chake hakijapata mshindani wa kweli kwa upana wa habari. Lakini mwanahistoria aliyekaa ofisini mwa Fann Street, mwenye kumbukumbu za Fann Street mezani, hana budi kuiona historia kutoka Fann Street. Vincent Figgins, aliyeanzisha kiwanda chake mwaka 1792 baada ya kifo cha bwana wake Joseph Jackson, naye alikuwa na herufi nono katika sampuli zake za muongo wa 1810. Viwanda vya ukoo wa Caslon pia vilikuwa nazo. Hakukuwa na sheria ya kulinda umbo la herufi; mshindani aliyeona bango zuri ukutani asubuhi aliweza kumpa mchongaji wake kazi ya kuliiga jioni. Katika mazingira hayo neno "mbunifu" lina maana finyu.

Vitabu vya sampuli havitaji wachongaji. Kila herufi ilianza kama kijiti cha chuma cha pua ambacho fundi alikichonga kichwani kwa tupa na patasi ndogo, kinyumenyume, kwa siku nzima au zaidi. Jina lililochapwa juu ya ukurasa lilikuwa la mwenye kiwanda.

Ufundi wa kusubu herufi kubwa

Maelezo ya mtindo peke yake hayatoshi kueleza kwa nini herufi nono ilizuka wakati ule na si miaka 30 kabla. Sharti tuangalie kiwandani.

Kwa njia ya kawaida, kijiti cha chuma cha pua kilichochongwa kiligongwa katika kipande cha shaba nyekundu na kuacha alama yake. Alama hiyo ndiyo kalibu. Kisha kalibu iliwekwa katika chombo cha kumiminia, na mchanganyiko wa risasi, antimoni na bati ukamiminwa humo. Njia hiyo ni nzuri kwa herufi ndogo. Kadiri herufi inavyokua, ndivyo nguvu ya kugonga inavyohitajika kuongezeka, na shaba huanza kupasuka au kujikunja kabla alama haijazama ipasavyo. Herufi nono ilizidisha tatizo hilo, kwa kuwa eneo lake la weusi ni pana: kinachogongwa si mstari bali ni bapa zima. Kwa sababu hiyo herufi kubwa za kale zilisubiwa katika mchanga, kama vile mhunzi anavyosubu vyombo, na kila moja ilitoka na mikwaruzo ya kusawazishwa kwa mkono. Serifu nyembamba kama uzi haiwezi kutoka salama katika mchanga.

Mwaka 1810 William Caslon wa nne alileta njia nyingine, ambayo aliipa jina la Kifaransa, sanspareil, lenye maana ya kitu kisicho na kifani. Herufi ilikatwa ikatoboka kabisa katika bamba la shaba ya manjano, kisha bamba hilo likafungwa kwa ribiti juu ya bamba jingine lisilo na tundu. Hapo kalibu ikapatikana bila kugonga chochote. Kingo zake zilikuwa kali, kina chake kilikuwa sawa kila mahali, na ukubwa wake haukuwa na kikomo cha nguvu ya nyundo. Ni vigumu kutoiona tarehe hiyo karibu na tarehe ambayo mabango mazito yanaanza kujaa. Haisemwi hapa kwamba kalibu ya Caslon ilizaa mtindo. Ladha ilikuwepo, na wachoraji wa mabango ya madukani na wa magari ya farasi walikuwa wakipaka herufi nene kwa brashi bila kumngoja msubu yeyote. Lakini bila kalibu hiyo mtindo usingeuzwa kwa bei ambayo mchapaji wa kawaida angeimudu.

Upande wa mitambo nao ulikuwa umebadilika. Herufi yenye eneo pana la weusi hunywa wino mwingi na huhitaji kukandamizwa kwa nguvu, la sivyo weusi hutoka na madoa meupe. Mtambo wa mbao uliotumiwa tangu enzi za Gutenberg ulitetemeka chini ya mzigo huo. Mtambo wa chuma wa Earl Stanhope, uliojitokeza takriban mwaka 1800, uliweza kuubeba, na mtambo wa Columbian wa George Clymer, uliotoka Philadelphia na kufika London mwaka 1817, uliongeza nguvu zaidi kwa kutumia wenzo badala ya parafujo.

Tatizo lililobaki lilikuwa uzito na bei. Sanduku la herufi za risasi zenye kimo cha kiganja lilihitaji watu wawili kulibeba. Ufumbuzi ulitoka Marekani: mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kukata herufi za mbao kwa mashine, na mwaka 1828 akatoa kitabu cha sampuli ambacho kwa sehemu kubwa kilikuwa cha herufi nono. Mbao ilikuwa nyepesi na rahisi. Hata hivyo serifu ya unywele katika mbao huvunjika, na hapo ndipo udhaifu wa umbo hili ulipoonekana wazi.

Bahati nasibu na kuta za London

Mteja aliyeipenda herufi nono kuliko wote alikuwa wakala wa bahati nasibu. Serikali ya Uingereza ilikuwa ikikusanya mapato kwa kuuza tiketi za bahati nasibu kupitia mawakala, na mawakala hao walishindana vikali. Maarufu kati yao, Thomas Bish, aliijaza London vikaratasi na mabango yenye mashairi ya kuchekesha, picha, na tarakimu nono zilizotangaza tuzo za maelfu ya pauni. Tarakimu zilifaidika na umbo hili pengine kuliko herufi. 2, 3 na 5 zina mikunjo inayopokea unene vizuri, na mstari wa sifuri zilizofuatana, kila moja ikiwa na mwanya mwembamba katikati, ulikuwa na mvuto ambao hakuna sentensi ingeweza kuufikia. Droo ya mwisho ilichezeshwa Oktoba 1826. Kwamba kiwanda kilichouza herufi hizo kwa wingi kilinunuliwa kwa fedha za bahati nasibu ile ile ni sadfa ambayo mtunzi wa riwaya angeogopa kuitumia.

Baada ya bahati nasibu walifuata wenye kumbi za michezo ya kuigiza, wapiga mnada, wenye magari ya farasi, wagombea wa ubunge na wauza dawa. Kila mmoja alitaka bango lake lizidi la jirani. Matokeo yake ni bango lenye mistari kumi, kila mstari wa ukubwa wake, ambamo neno "ya" limepangwa kwa herufi ndogo na jina la mwigizaji limeenea kutoka ukingo hadi ukingo. Mchapaji hakuwa akipamba tu. Alikuwa akiamua, kwa niaba ya mpita njia, ni neno gani liingie jichoni kwanza. Uamuzi huo haukuwa na huruma wala ukatili wa aina yake. Herufi zile zile zilitangaza tamasha na zilitangaza mnada wa watumwa katika nchi ambako biashara hiyo iliendelea.

Karatasi hizo zilibandikwa, zikanyeshewa, zikabandikwa nyingine juu yake. Zilizobaki ni zile ambazo mtu alizihifadhi kwa sababu yake mwenyewe. Hazina kubwa ya namna hiyo ni mkusanyiko wa John Johnson, aliyekuwa mchapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambao ulihamishiwa maktaba ya Bodleian mwaka 1968. Mtafiti wa herufi nono anafanya kazi na masalia, na asipolikumbuka hilo ataziona tiketi za bahati nasibu kila mahali kwa sababu tu watu walizipenda kuzitunza.

Lawama na athari zake

Hansard, aliyemtaja Thorne, hakumtaja kwa sifa. Aliziona herufi nono kuwa upotovu wa mitindo na aliusikitikia mwelekeo wa viwanda vya wakati wake. Si ajabu. Yeye ni mtoto wa Luke Hansard, mchapaji wa Bunge, na jina la familia ndilo lililobaki hadi leo katika kumbukumbu rasmi za mijadala ya mabunge, yakiwemo ya Dodoma na Nairobi. Mtu wa malezi hayo aliamini kwamba chapa ni chombo cha usomaji mtulivu. Mwishoni mwa karne William Morris, aliyeanzisha matbaa yake ya Kelmscott mwaka 1891, alielekeza hasira kwenye chanzo, yaani kwa Bodoni na mistari yake ya unene na wembamba. Mwaka 1922 Daniel Berkeley Updike wa Boston, katika kitabu chake kikubwa cha historia ya herufi, alimlaumu Thorne kwa jina na kuziweka herufi zake katika daraja la chini kabisa.

Tunaona hapa namna jina la Thorne lilivyosafiri. Halikubebwa na watu waliotaka kumtukuza mbunifu. Lilibebwa na watu waliotafuta mshitakiwa. Kosa likihitaji mkosaji, jina moja linatosha. Nicolete Gray ndiye aliyeanza kuugeuza upepo mwaka 1938, kwa kitabu chake juu ya herufi za mapambo za Karne ya 19. Badala ya kuuliza kama herufi hizo ni nzuri, aliziorodhesha kiwanda kwa kiwanda na mwaka kwa mwaka. Njia hiyo ndiyo iliyofanya iwezekane kuona kwamba viwanda vilikwenda kwa pamoja.

Wakati huo umaarufu wa herufi nono katika soko lake la kwanza ulikuwa umekwisha zamani. Watoto wake ndio waliouchukua. Figgins alitoa herufi zenye serifu nene za mraba, Caslon wa nne alitoa takriban mwaka 1816 herufi kubwa zisizo na serifu kabisa, na Clarendon ya mwaka 1845 ilitoka Fann Street kwenyewe. Aina hizo zote zilichukua uzito wa herufi nono na kuuacha wembamba wake, na kwa hiyo zilivumilia mbao, mitambo ya haraka na karatasi duni.

Majina ya Karne ya 20 na baada yake

Mwaka 1928 Morris Fuller Benton wa kampuni ya American Type Founders alitoa Ultra Bodoni, na mwaka uliofuata Chauncey Griffith wa Linotype akatoa Poster Bodoni. Zote mbili zina umbo ambalo mchapaji wa London wa mwaka 1820 angelitambua mara moja, na ambalo Bodoni hangelitambua. Jina la Parma lilikuwa na heshima, na kampuni zilikuwa tayari zinauza ukoo wa herufi chini ya jina hilo. London ya bahati nasibu haikuwa na heshima ya kuuza. Tangu hapo wanafunzi wengi wa usanifu wamejifunza kwamba herufi nono ni Bodoni iliyonenepeshwa. Kwa Kifaransa na Kijerumani kosa lilichukua sura nyingine: huko herufi hizi huitwa Normande, jina linalozipeleka Normandia bila sababu ya kihistoria. Stephenson Blake wa Sheffield, waliorithi mali ya Fann Street, walipozirudisha sokoni katika miaka ya 1950 walizipa jina la Thorowgood, yaani jina la mnunuzi.

Matthew Carter alikuwa makini zaidi. Fonti yake ya mwaka 1992, iliyotokana na sampuli za Vincent Figgins, aliiita Elephant, na mwaka 1998 akaitoa upya kwa jina la Big Figgins. Lile jina la kwanza liliingia katika programu za Microsoft, na kwa njia hiyo likafika katika kompyuta nyingi za ofisi na za maduka ya uchapaji, Afrika Mashariki ikiwemo. Mtu aliyepanga kadi ya mwaliko wa harusi na kuchagua fonti hiyo ya "Tembo" kwa jina la bwana harusi alikuwa akitumia umbo lililochongwa kwa ajili ya kuta za London, na bila shaka alitambua upesi kwamba linafaa kwa jina na halifai kwa anwani ya ukumbi. Skrini na mashine za leza haziondoi sheria ya zamani: chini ya ukubwa fulani mstari wa unywele hupotea, na linalobaki ni msururu wa magogo meusi.

Mwaka 2011 kampuni ya TypeTogether ilitoa Abril Fatface, ambayo inapatikana bila malipo kupitia Google Fonts. Wasanifu wake ni Veronika Burian na José Scaglione. Waliiegemeza juu ya herufi za mabango ya Uingereza na Ufaransa ya Karne ya 19, na hawakuipa jina la mwenye kiwanda yeyote. Majina yao wenyewe yameandikwa ndani ya faili la fonti, mahali ambapo wachongaji wa Fann Street hawakuwahi kupewa nafasi.